Kanda la Usufi: Orodha ya Silaha na Risasi katika Vitabu vya Askari

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii yafaa kuandikwa mlangoni mwa fasihi yote ya vita, maana askari aandikaye kitabu ana kazi moja iliyo ngumu kuliko zote: kumfanya msomaji, aliyeketi kitini mikono mitupu, ausikie uzito wa kitu alichokibeba mtu mwingine. Katika karne ya 20 waandishi wa Kiingereza, hasa wale waliotoka vitani wenyewe, waliipata njia yao ya kuifanya kazi hiyo, nayo ni orodha. Huhesabu bunduki, magazini za risasi, maguruneti, redio, bandeji na chupa za maji. Hutaja kila kitu kwa jina lake na namba yake ya kiwandani, kisha huandika uzito wake. Orodha za namna hii zimekuwa nyingi hata msomaji wa vitabu vya makomando aghalabu huziruka, kama watu warukavyo nasaba za wafalme katika tarikhi za kale. Wala si busara kuziruka. Hapo ndipo mwandishi wa vita aombapo kuaminiwa, na namna anavyoomba hufunua mengi ambayo hadithi yenyewe huyaficha.

Kitabu kilichoipa orodha hiyo umaarufu mkubwa ni *Bravo Two Zero*, kilichotolewa mwaka 1993 na mtu atumiaye jina la kalamu la Andy McNab. Chaeleza safari ya askari wanane wa SAS, kikosi maalumu cha Uingereza, walioshushwa kwa helikopta katika jangwa la magharibi ya Iraq mwezi wa Januari 1991. Kazi yao ilikuwa kuzikata nyaya za mawasiliano na kuitafuta mitambo ya kurushia makombora ya Scud. Walikwenda bila gari. Kila walichokuwa nacho kilikuwa mgongoni, kiunoni au mkononi: bunduki za M-16 zenye kirusha maguruneti chini ya mtutu, rashasha nyepesi za Minimi, roketi za milimita 66 zifyatuliwazo begani, baruti, mabomu ya kutegwa, redio, chakula, mavazi ya kujikinga na hewa ya sumu, na debe la maji. McNab asema kwamba fungu la kila mtu lilipita ratili 200, yaani kilo 95 hivi. Ni kama mtu mzima aliyenona kumpanda mtu mzima mwingine. Mzigo huo haukuweza kuchukuliwa kwa safari moja. Ikawa wanne hubeba na wanne hulinda, kisha hurudi kuuchukua uliobaki.

Kurasa hizi ndizo nzuri kuliko zote katika kitabu. Mwandishi avijua vitu vyake kama seremala ajuavyo randa na tupa zake, na lugha yake, ambayo kwingineko ni ya majigambo, hapa hutulia. Msomaji aona mara moja kwamba kila kilichoongezwa kwa ajili ya usalama kilipunguza usalama wa namna nyingine: risasi zaidi ni hatua chache zaidi, maji zaidi ni mwendo wa pole zaidi, na mtu aliyejiandaa kwa kila balaa hawezi kukimbia balaa lolote.

Ndivyo ilivyotokea. Tarehe 24 Januari kikosi kiligunduliwa, na katika dakika za mwanzo za mapigano mashanta yalitupwa chini. Yalikwenda pamoja na sehemu kubwa ya chakula, vyombo na mavazi. Majira yale ya baridi yalikuwa makali kuliko walivyoambiwa, na kati ya watu watatu waliokufa wawili waliuawa na baridi, mmoja tu kwa risasi. Wanne walitekwa. Mmoja alitembea kilomita 300 hivi mpaka Syria. Basi orodha ile ndefu, iliyoandikwa kwa uangalifu wa karani wa ghala, ni orodha ya vitu ambavyo vingi havikumfaa mtu. Hilo ni jambo kubwa, tena la kuhuzunisha, lakini kitabu chapita juu yake kwa haraka kwa kuwa kina shauku ya kufika penye mishindo. Kitu kimoja tu chasalia katika kumbukumbu. Chris Ryan, yule aliyefika Syria, naye akaandika kitabu chake mwaka 1995, alirudi kwenye shanta lake katikati ya risasi akatoa chupa ndogo ya fedha ya kinywaji aliyopewa na mkewe. Katika ratili 200 za kila mtu, msomaji asahau baruti na redio, lakini chupa ile haisahau.

Hata hivyo thamani ya orodha hii katika kitabu haikomi hapo. Mwandishi atajaye uzito wa shanta lake kwa ratili hujipatia sifa ya shahidi mwaminifu, na sifa hiyo huitumia baadaye kwa mambo mengine. Katika *Bravo Two Zero* msomaji aelezwa vita vya watu wanane dhidi ya magari ya deraya na kundi kubwa la askari, na mwishoni apewa hesabu ya maadui 250 waliouawa na kujeruhiwa. Aliyekubali kilo 95 hukubali na 250, kwa kuwa zote mbili zimetoka mkono mmoja na kwa sauti ile ile. Walakini hesabu ya kwanza yaweza kuwekwa juu ya mizani, na ya pili haina mizani. Mchuuzi mjanja hufanya hivyo hivyo sokoni: mchele safi huuweka juu ya gunia.

Wako waliotia mkono gunia hilo mpaka chini. Peter Ratcliffe, aliyekuwa sajini meja mkuu wa kikosi hicho wakati wa vita vya Ghuba, aliandika mwaka 2000 akiyakataa mengi, na kusema kwamba wanane wale walishauriwa kuchukua magari wakakataa. Michael Asher, mwandishi wa safari za jangwani na askari wa zamani, alikwenda Iraq mwaka 2001, akaifuata njia ya kikosi kwa miguu na kuzungumza na wenyeji. Kitabu chake cha mwaka 2002 chasema kwamba mapigano yale ya kwanza yalikuwa na watu wachache wa pale pale, wala hayakuwa na magari ya deraya. Haki yataka isemwe kwamba Asher naye alisikiliza kumbukumbu za miaka kumi, tena katika nchi ambayo serikali ya Saddam Hussein ilikuwa na masikio kila mahali. Lakini hoja ya uhakiki haihitaji hukumu ya mwisho kuhusu nani alipiga nani. Yatosha kuona kwamba kitabu kilichouzwa nakala zaidi ya milioni moja kiliaminiwa kwa dhamana ya uzito wa vyombo, na kwamba dhamana hiyo haikuwa na uwezo wa kulipa deni lililowekwa juu yake.

Tabia hii haikuanza na makomando. Mwaka 1950 S. L. A. Marshall, mwandishi wa historia wa jeshi la Marekani, alitoa kijitabu juu ya mzigo wa askari ambacho mpaka leo husomwa katika vyuo vya kijeshi. Alisema, na kwa haki, kwamba hofu na uchovu ni ndugu: mtu aliyeogopa huchoka kabla hajatembea, na mtu aliyechoka huogopa kabla hajaona adui, kwa hiyo kumtwisha askari zaidi ya ratili 40 hivi anapokwenda kupigana ni kumshinda kabla ya adui. Alikumbusha ufuko wa Omaha, Juni 1944, ambako watu waliolemewa na vyombo vyao walizama majini. Lakini Marshall huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1947, alidai kwamba askari wasiofika robo ndio waliofyatua bunduki zao katika mapigano, na wachunguzi waliokuja baadaye hawakuona msingi imara wa hesabu hiyo katika daftari zake. Hapo tena ratili zilizopimwa zimesimama kando ya namba isiyopimika, nazo zikaiazima heshima yao.

Anayestahili kuwekwa mbele ya hawa wote ni Tim O'Brien, Mmarekani aliyepigana Vietnam mwaka 1969 na 1970. Hadithi yake *The Things They Carried* ilitoka kwanza mwaka 1986, kisha ikakipa jina kitabu cha mwaka 1990. Jina lake lote ni habari ya mzigo, na hadithi nzima ni orodha. Kinachoshangaza ni kwamba O'Brien hakudai kusema kweli. Kitabu kimeandikwa wazi kuwa ni cha kubuni. Kimetabarukiwa kwa watu ambao hawakuwako duniani. Na msimulizi wake ana jina la mwandishi bila kuwa mwandishi. Baada ya kuivunja dhamana yake mwenyewe namna hiyo, aorodhesha uzito wa vyombo kwa unyofu ambao vitabu vya kumbukumbu havikuufikia: bunduki ya M-16 ratili saba na nusu bila risasi, rashasha ya M-60 ratili 23, redio ya PRC-25 ratili 26, kofia ya chuma ratili tano.

Orodha yake yasomwa polepole, maana ina siri ndogo ndogo. Luteni Jimmy Cross ana barua za msichana aitwaye Martha, asiyempenda. Barua hizo zina uzito wa wakia 10. Kurasa chache mbele msomaji aambiwa kwamba guruneti moja la bunduki ya M-79 lina uzito wa wakia 10. Mwandishi hasemi neno. Haonyeshi kwa kidole kwamba penzi lisilo na jibu na kitu kiuacho vina uzito mmoja. Aviweka viwili hivi katika mizani, kila kimoja kwa wakati wake, akaenda zake. Kadhalika koti la mvua. Kwanza latajwa miongoni mwa vitu vya lazima, uzito wake karibu ratili mbili, nalo lafaa kwa mvua na kwa kulalia. Na katika sentensi zizo hizo msomaji agundua kwamba Ted Lavender, alipopigwa risasi, alivingirishwa katika koti lake, akachukuliwa nalo shambani, akainuliwa nalo mpaka helikopta. Sanda ilikuwa imo katika orodha tangu mwanzo.

Huyo Lavender ndiye kiini cha jambo. Alikuwa mwoga kuliko wenzake, naye alijitibu kwa vidonge vya kutuliza moyo na bangi. Fungu la kawaida la mbeba M-79 lilikuwa maguruneti 25; siku aliyokufa yeye alikuwa na 34. Haya tisa ya ziada ni wakia 90, karibu ratili sita. O'Brien aendelea kuhesabu vyombo vyake vyote, na mwisho wa hesabu aiweka hofu, akikiri kwamba hiyo haikupimwa. Lakini msomaji makini aona kwamba imekwisha kupimwa: ni yale maguruneti tisa. Mwandishi amefanya kwa njia ya halali lile ambalo McNab alilifanya kwa njia ya mkato. Wote wawili watumia kitu cha kupimika ili kusema juu ya kitu kisichopimika. Ila mmoja akipimia ushujaa wake mwenyewe, na mwingine akipimia hofu ya mtu aliyekufa.

Wanafunzi wajaribuo kuigeuza hadithi hii kwa Kiswahili hukutana na tatizo ambalo lenyewe ni somo. Nguvu yote ya O'Brien imo katika kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachorudiwa kama kibwagizo, kikibeba bunduki, barua, maradhi, aibu na mbingu yenyewe. Kiswahili kimegawa kazi hiyo kwa mwili: mtu hujitwika kichwani, hueleka mtoto mgongoni, hupakata mapajani, hufumbata kiganjani. *Kubeba* ndilo neno lijalo mdomoni upesi, na wengi hulitumia, nalo lafaa kwa M-60. Lakini kubeba aibu? Yawezekana, ila kwa kulazimisha. Neno lililo pana zaidi ni *kuchukua*, kwa maana yake ya zamani. Mtu huchukua mzigo, mwanamke huchukua mimba, mtoto mwema huwachukua wazazi wake uzeeni, nguo impendezayo mtu humchukua, na watu wavumiliao tabia mbaya za wenzao huchukuliana. Katika mazungumzo ya siku hizi maana hizi zimepungua, na wengi wakisikia *chukua* hufikiri tu habari ya kutwaa. Jambo la kusikitisha, maana mfasiri wa O'Brien angelihitaji neno hilo lote. Lipo na *kupagaa*, ambalo ni kubeba mabegani, tena ni kazi ya pepo aingiapo mtu. Hofu ya Lavender ilimpagaa kwa maana zote mbili, na hapo Kiswahili chalipa fidia ya kile kilichopotea.

Maneno haya mawili, *mchukuzi* na *mpagazi*, yafungua mlango ambao vitabu vya Wamarekani na Waingereza vimeufunga. Katika orodha zote zilizotajwa, abebaye ndiye apiganaye. Vita vya 1914 mpaka 1918 vya Afrika ya Mashariki havikuwa hivyo. Risasi zilikwenda vitani juu ya vichwa vya watu ambao hawakuruhusiwa kuzifyatua. Waliochukuliwa kwa kazi hiyo upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kuwa karibu milioni moja, kila mmoja akiwa na furushi la ratili 50 au 60, na waliokufa kwa maradhi na njaa waliwapita mbali waliokufa kwa risasi. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920. Humo risasi zimehesabiwa vizuri, kwa kuwa yeye aliishi kwa kunyang'anya. Huko Ngomano, kwenye mto Ruvuma, tarehe 25 Novemba 1917, aliwapokonya Wareno bunduki na risasi zipatazo robo milioni. Hiyo ni orodha ya namna ya tatu: vitu vina idadi, lakini havina mgongo. Hata risasi moja ikihesabiwa kuwa ya gramu 20 tu, zile ni kilo 5,000, yaani vichwa 200 vya wapagazi. Majina ya vichwa hivyo hayakuwa na nafasi katika hesabu. Kwa Kiswahili yamebaki katika jina la mtaa tu: Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo ni Kiingereza cha kikosi cha wapagazi kilichopita katika vinywa vya wenyeji. Na sanamu ya ukumbusho iliyowekwa mjini humo mwaka 1927 ni ya askari peke yake, mwenye bunduki na singe. Ile ya Nairobi angalau imempa mpagazi nafasi ubavuni mwa askari.

Yabaki kuuliza namna Kiswahili chenyewe kilivyozipima silaha. Kwa muda mrefu kazi hiyo iliachiwa utenzi, tangu kisa cha Tambuka cha mwaka 1728 mpaka *Utenzi wa Vita vya Uhuru* wa Shaaban Robert na ule wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera, uliochapishwa mwaka 1981. Utenzi nao huorodhesha, lakini mizani yake ni ya namna nyingine. Kipande kina mizani nane, na silaha huingia kwa idadi ya silabi zake: *risasi* ni tatu, *bunduki* ni tatu, *rashasha* ni tatu, na zote zaenda kwa wepesi mmoja. Mshairi hodari hupata ukali, fahari na maombolezo kwa njia hiyo. Uzito ndio asioupata kwa urahisi, maana chombo cha ratili 23 na chombo cha wakia 10 vyaweza kulingana katika kinywa cha msomaji.

Nathari ya Kiswahili ingeweza kuupata. Askari wa Tanzania waliovuka Mutukula na kuingia Masaka mwezi wa Februari 1979, na wale walioingia Kampala tarehe 11 Aprili, wengi wao walikwenda kwa miguu, na vyombo vyao vilikwenda nao migongoni. Lugha waliyoitumia ilikuwa na majina yake tayari. Mtambo wa BM-21, wenye midomo 40 ya kurushia makombora, waliuita saba-saba, na jina hilo hujulikana Uganda mpaka leo. Lina mizani nne, nusu kamili ya kipande cha utenzi. Kombora moja la mtambo huo lina uzito wa kilo 66 hivi, nalo huinuliwa kwa mikono ya watu mpaka mdomoni mwake, moja baada ya jingine, mara 40.